Je, Wajua? Bundi, Basi la Arua na Sekunde Kumi

Kiswahili kina kitenzi kinachobeba huruma na ukatili kwa pamoja. Chukua *ona*, ukitie kauli ya kutendea, unapata *onea*. Ukimwonea mtu huruma umetenda wema. Ukimwonea haya, wewe ndiye unayeinamisha kichwa. Ukimwonea wivu, shauri yako. Lakini ukisema "wanamwonea" ukanyamaza hapo hapo, bila huruma wala haya wala wivu kufuata, kila aliyewahi kukalia dawati ameshaelewa: kuna mtoto yuko katikati, na wenzake wamemzunguka. Neno hili halikutoka kwenye kupiga wala kwenye kutukana. Limetoka kwenye kutazama.

Je, wajua kwamba utafiti wa uonevu shuleni ulianza na ndege?

Mtu wa Logiri, kule kaunti ya Vurra nchini Uganda, kusini mwa Jiji la Arua na karibu na mpaka wa Kongo, hahitaji kuelezwa jambo hili. Bundi akichelewa kurudi mafichoni mpaka jua likachomoza, ndege wadogo humvamia. Mlamba huanza, shore hufuata, kisha kila mwenye mdomo. Wanampigia kelele, wanamshukia kichwani, wanampisha kidogo na kumrudia, hadi akubali kuhama mti.

Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria aliyesomea tabia za wanyama, aliandika kuhusu mashambulizi ya namna hiyo. Mwaka 1969 daktari mmoja wa Sweden, Peter-Paul Heinemann, alilichukua neno lililotumika kwa ndege hao akalipeleka uwanjani kwa watoto: *mobbning*. Heinemann mwenyewe aliingia Sweden akiwa mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, na alikuwa amemlea mtoto mweusi. Aliyaona yaliyompata mtoto huyo mikononi mwa wenzake, akaandika makala na kuipa kichwa "Apartheid". Kwa hiyo neno ambalo leo linasemwa na Waswidi, Wanorwe na Wajerumani wanapotaja uonevu lina mizizi miwili, ndege wa porini na mtoto mweusi katika mtaa wa Wazungu.

Mfano wa ndege una kasoro moja, na si ndogo. Bundi hula ndege, kwa hiyo mlamba ana kesi ya haki. Mtoto aliyezungukwa hajamla mtu.

Je, wajua kwamba watani wangeweza kuandika fasili ya uonevu kabla ya maprofesa?

Fasili inayotumika zaidi duniani ni ya Dan Olweus, Mswidi aliyehamia Norway na kufanya kazi miaka mingi mjini Bergen, hadi kufa kwake mwaka 2020. Kitabu chake cha kwanza juu ya suala hili kilitoka mwaka 1973. Alikubaliana na Heinemann kwamba tatizo lipo, lakini hakukubali kwamba ni la kundi lenye wazimu wa muda. Alisema mara nyingi waonevu ni mmoja au wawili tu, wanajulikana, na wanajua wanachokifanya. Akaweka masharti matatu: kitendo kiwe cha makusudi, kirudiwe, na kiwe kati ya mwenye nguvu na asiyeweza kujitetea.

Sharti la tatu ndilo linalowasumbua walimu. "Walikuwa wanataniana tu" ni jibu ambalo kila mzazi amelipata ofisini. Haya, tuulize utani wenyewe. Mngoni akimtukana Mhehe msibani, Mhehe anajua kwamba msiba ujao zamu ni yake. Utani una zamu. Mtu ambaye kila siku ni yeye wa kutaniwa, na hana ruhusa ya kurudisha, huyo hana mtani. Ana mwonevu.

Arobaini na mbili na arobaini na mbili

Mwishoni mwa mwaka 1982 wavulana watatu wa kaskazini mwa Norway, wa umri wa kati ya miaka 10 na 14, walijiua, na uonevu wa wenzao ulitajwa kuwa chanzo. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha kampeni ya nchi nzima. Olweus akafuatilia wanafunzi wapatao 2,500 wa Bergen kuona kama kampeni ingeleta mabadiliko, na akaripoti kwamba uonevu ulipungua kwa nusu. Shule alizozifuatilia zilikuwa 42.

Miaka kama thelathini baadaye jaribio lingine kubwa la kupunguza ukatili shuleni lilifanyika Uganda, wilayani Luwero. Shule zilikuwa 42. Wapenda nambari wataongeza kwamba matokeo yake makuu hunukuliwa kuwa punguzo la asilimia 42. Ni sadfa tu, lakini sadfa ya namna hiyo haiachwi nje ya safu kama hii.

Mtoto wa Logiri anayepelekwa bweni Kampala huipita Luwero kila muhula, mara nyingi amelala. Basi la Arua huvuka Mto Nile mara mbili, kwanza Pakwach, halafu Karuma, kisha hushuka kupitia Nakasongola na Luwero hadi Bombo. Watu wazima wanaikumbuka Luwero kwa vita vya 1981 hadi 1986. Watafiti wa mambo ya watoto wakisikia jina hilo hufikiria kitu kingine kabisa.

Mwaka 2012 timu ya Karen Devries wa chuo cha afya ya jamii na magonjwa ya kitropiki cha London, pamoja na shirika la Raising Voices la Kampala, iliwahoji wanafunzi 3,706 wa shule za msingi wilayani humo. Zaidi ya tisa katika kila kumi, wavulana kwa wasichana, walisema wamewahi kuumizwa mwilini na mtumishi wa shule. Zaidi ya nusu walisema ilitokea ndani ya wiki moja iliyopita. Kwa wasichana, waliopigwa wiki hiyo walikuwa na uwezekano karibu maradufu wa kufanya vibaya masomoni. Takwimu peke yake haisemi kipi kilitangulia, fimbo au alama mbaya. Aliyekaa darasani anajua kwamba huwa zinafuatana kwa zamu.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: tulikuwa tunazungumzia watoto kwa watoto, mwalimu ameingiaje? Ameingia kwa masharti yale yale ya Olweus. Ni makusudi, hurudiwa, na nguvu haziko sawa. Aidha kiranja anayeshika fimbo bwenini hakuizua. Aliiona mahali. Sioni maana ya kupima tawi huku tukiruka shina.

Dawa iliyojaribiwa Luwero haikuwa semina ya siku mbili. Ni kifurushi cha Raising Voices chenye hatua sita na shughuli zaidi ya sitini, zilizotandazwa katika miezi kumi na minane: michoro ukutani, kamati za wanafunzi, vijitabu, mazungumzo ya walimu juu ya namna nyingine ya kurudi mtoto. Katikati ya mwaka 2014 wakawahoji wanafunzi 3,820. Katika shule ambazo hazikuwa zimepata kifurushi, asilimia 48.7 walikuwa wameumizwa na mtumishi wa shule ndani ya wiki iliyopita. Katika zilizokipata, asilimia 31. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 na yakasomwa duniani kote, kwa haki. Lakini isome tena hiyo 31: katika shule zilizofundishwa kuacha, mtoto mmoja kati ya watatu hivi, ndani ya wiki moja.

Sheria haikukosekana. Wizara ya Elimu ya Uganda ilitoa waraka wa kukataza viboko mwaka 2006, na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yakaviharamisha shuleni waziwazi.

Kwa wenye haraka: UNESCO mwaka 2019 ilikadiria kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja. Kusini mwa Sahara ni asilimia 48.2, juu kuliko kanda nyingine yoyote. Ulaya ni kama robo. Tangu mwaka 2020 kuna hata siku ya kimataifa ya jambo hili, Alhamisi ya kwanza ya Novemba.

Je, wajua kwamba mgeni wa bweni ana jina kila upande wa mpaka?

Kenya mwanafunzi mpya wa kidato cha kwanza ni *mono*. Tanzania ni *njuka*. Jina lake la nyumbani hurudishwa baadaye, akishazoea, au akishampata mdogo wa kumwita hivyo yeye naye.

Na majina ya nyumbani yenyewe ni habari. Walugbara, watu wa Logiri na Arua, huwapa watoto majina yanayohifadhi hali ya nyumba siku mtoto alipozaliwa, na nyumba nyingi siku hiyo hazikuwa na sherehe. Candia, husomwa "Chandia", ni mtoto aliyezaliwa katika dhiki. Dada yake ataitwa Candiru. *Dra* ni kifo, nayo imo ndani ya majina mengi ya watu walio hai na wenye afya tele. Ayikoru ni wa furaha. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeishi na Walugbara kati ya 1949 na 1952, aliona kwamba majina haya ni kama barua: mama humtumia mtoto kuwaambia wakwe kile asichoweza kuwaambia usoni.

Ndani ya darasa la Logiri, Candia ni jina kama Juma. Hakuna anayegeuka. Lipeleke jina hilo hilo bweni la Kampala, mtu aulize maana yake, ajibiwe kwa uaminifu, na kuanzia jioni hiyo kuna mchezo mpya. Jina halikubadilika hata herufi. Waliobadilika ni wasikilizaji.

Kuna tusi lingine ambalo watu wa Nile Magharibi, yaani kanda ya Arua, wamerushiwa kwa miaka katika mitaa na shule za kusini: "Anyanya". Wanaolitumia hudhani wanamwita mtu mgeni wa msituni. Asili yake ni jina la wapiganaji wa Sudan Kusini wa miaka ya 1960, nalo limetokana na neno la Kimadi la sumu ya nyoka. Kimadi ni ndugu wa Kilugbara. Mtoto wa Arua anatukanwa, basi, kwa neno lililotoka kwa majirani zake, na anayemtukana hajui hata amelikopa wapi.

Wilayani Koboko, katika kanda hiyo hiyo, kioja kinakwenda upande mwingine. Kambi ya Lobule inapokea wakimbizi kutoka Kongo, na Wakakwa wanaishi Uganda, Kongo na Sudan Kusini vilevile. Mtoto anaweza kuchekwa na mwenzake anayesema lugha ile ile ya mama, kwa sababu tu hesabu alizifundishwa kwa Kifaransa na sasa amewekwa darasa moja na watoto wafupi kuliko yeye.

Je, wajua kwamba shule zimewahi kuwalipa watoto kwa kuonea, kwa njia ya kibao?

Hawakulipwa pesa. Walilipwa kwa kuachiwa huru. Mchezo huu wa kikoloni umeishi Kenya na Uganda muda mrefu kuliko wakoloni wenyewe: asubuhi mwanafunzi aliyekutwa akisema lugha ya kwao huvishwa kibao, au mfupa, au gunia. Njia ya kukivua ni moja, kumsikia mwenzake akikosea na kumkabidhi. Jioni wote waliokivaa huadhibiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliueleza mwaka 1986 kama alivyoujua utotoni.

Tazama ufundi wake. Mwalimu hasogei kwenye kiti. Watoto wenyewe wanawindana, na anayewinda vizuri ndiye anayepona. Nchini Uganda, tangu mtaala wa mwaka 2007, darasa la kwanza hadi la tatu hufundishwa kwa lugha ya mahali, kwa hiyo kuna mtoto anayesomeshwa kusoma Kilugbara vizuri, akapigiwa makofi, halafu darasa la nne akakuta lugha ile ile imegeuka kosa. Mtu akiniuliza watoto hujifunza wapi kumchagua mmoja na kumtupia mzigo, nitamwonyesha kibao.

Hofu huzidi kitendo

Watafiti waliouliza wasichana na wavulana wa sekondari za kaskazini mwa Tanzania kuhusu hedhi walichapisha matokeo mwaka 2020. Wasichana waliowahi kudhihakiwa kwa sababu ya hedhi walikuwa asilimia 13. Waliosema wanaogopa kudhihakiwa, hasa na wavulana wa darasa lao, walipita asilimia 80.

Nambari mbili hizi zikikaa pamoja zinaeleza mengi kuliko kila moja peke yake. Msichana mmoja anachekwa kwa doa kwenye sketi. Sita wanaoliona tukio hilo wanaanza kukaa mwisho wa darasa, kufunga sweta kiunoni kwenye joto, kutosimama kujibu swali. Aliyecheka ameshasahau.

Na walio dhaifu zaidi hupata zaidi. Katika data za Luwero, wasichana wenye ulemavu walitaja ukatili wa kingono karibu mara mbili ya wasichana wasio na ulemavu: asilimia 23.6 dhidi ya 12.3.

Je, wajua kwamba kidonda cha uwanja wa shule kimepimwa miaka arobaini baadaye?

Uingereza ina kundi la watu wote waliozaliwa katika wiki moja ya mwaka 1958, nao wamekuwa wakifuatiliwa tangu hapo. Wazazi waliulizwa watoto wakiwa na miaka 7 na tena 11 kama wenzao wanawaonea. Mwaka 2014 Ryu Takizawa, Barbara Maughan na Louise Arseneault waliwaangalia 7,771 kati yao walipofikia miaka 50. Walioonewa mara kwa mara utotoni walikuwa na huzuni ya maradhi zaidi, afya mbaya zaidi, na marafiki wachache zaidi, hata ukiondoa umaskini wa nyumbani na akili ya darasani katika hesabu. Miaka arobaini, na bado inaonekana kwenye karatasi.

Sekunde kumi

Jijini Toronto, miaka ya 1990, watafiti Debra Pepler na Wendy Craig walifanya jambo ambalo mwalimu wa zamu hulitamani: walitega kamera kwenye viwanja vya shule na kuwavisha watoto vipaza sauti vidogo. Uonevu ambao watu wazima huusikia kwa masimulizi ukaonekana kama ulivyo.

Wenzao walikuwepo katika matukio 88 kati ya 100. Karibu kila mara, basi, kuna hadhira. Katika uchambuzi mmoja watazamaji walitumia asilimia 54 ya muda wao kusimama na kutazama tu, asilimia 21 kujiunga na mwonevu, na asilimia 25 kumsaidia anayeonewa. Katika uchambuzi mwingine, wa mwaka 2001, mtoto aliyeingilia alipatikana katika tukio moja kati ya matano hivi. Sasa sikiliza: alipoingilia, zaidi ya nusu ya mara, asilimia 57, uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Sekunde kumi ni muda wa kufunga kamba ya kiatu kimoja.

Mimi nilikuwa kwenye ile 54. Shule siitaji. Mgeni mmoja alisimamishwa juu ya sanduku lake la bati aimbe wimbo wa kwao, akaambiwa arudie, akaambiwa arudie, hadi sauti ikakatika naye akabaki anatembeza midomo. Tulikuwa zaidi ya thelathini bwenini. Nilicheka. Wimbo ulikuwa mzuri, hilo nalikumbuka kuliko sura yake, na nilicheka kwa sababu mguu uliokuwa juu ya sanduku haukuwa wangu. Hakuna aliyenishika mkono nisiseme "mwacheni".

Je, wajua kwamba namba ya simu ya watoto ya Uganda ina jina la Kiswahili?

Inaitwa Sauti, namba 116, nayo iko chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Katika nchi ambayo Kiswahili kimebishaniwa bungeni na barabarani kwa miongo, hili ni neno moja lililopita bila ubishi. Namba ni hiyo hiyo Kenya na Tanzania.

Na Luwero kuna nambari moja ya mwisho, ambayo huwa mwishoni kabisa mwa muhtasari wa utafiti, baada ya asilimia zote. Watafiti wa mwaka 2014 walikwenda kuhesabu. Hawakwenda kuokoa mtu. Walikaa na mtoto mmoja mmoja, wakamsomea maswali, wakaandika majibu. Kwa yale waliyoyasikia, watoto 434 kati ya wale 3,820 ilibidi wapelekwe kwa huduma za ulinzi wa watoto. Ni zaidi ya mmoja katika kila kumi, na walikuwa wameulizwa tu.